Mengineyo: Makundi Yamevunjwa

Sentensi imeandikwa kwa wino wa bluu, chini kabisa ya ukurasa, pale kwenye "Mengineyo": Makundi yamevunjwa. Tarehe ni ya Agosti 2010. Kwenye kaunta buku jingine, lenye jalada lililoliwa na mchwa pembeni, ipo tena, Agosti 2015. Mwaka 2020 ipo. Mwaka 2025 ipo, na safari hii mwandishi ameongeza neno moja: Makundi yamevunjwa rasmi.

Hizi ni kumbukumbu za vikao vya tawi moja la CCM katika lililokuwa jimbo la Singida Kaskazini. Kilichonipeleka huko ni habari ya bei ya alizeti. Katibu wa tawi, mama wa makamo ambaye naye ni mkulima wa alizeti, alikuwa akipekua makaratasi yake atafute stakabadhi ya mzani anionyeshe, na vitabu vya chama vikawa vinapita mikononi mwake. Niliomba kuvitazama. Bei ya alizeti nimeshaiandika kwingine. Sentensi ile ndiyo iliyokataa kuniachia. Kitu kilichovunjwa mwaka 2010 kinavunjwaje tena 2015?

Ameomba jina lake na la tawi lisiandikwe. Sikuona sababu ya kubishana naye. Sisi waandishi huondoka na basi la asubuhi pale stendi ya Misuna. Yeye anabaki na hao watu.

Kuvunja makundi, kwa maelezo yake, kuna taratibu zake kama ndoa. Kwanza lazima majina ya walioteuliwa kugombea yawe yamerudi kutoka juu, maana kabla ya hapo kila kundi bado lina matumaini na hakuna atakayekubali kuvunja chochote. Kikao kinaitwa na mwenyekiti wa tawi. Anakuja mgeni kutoka kata, ikibidi wilaya. Wilayani na mkoani ndiko wanakosimama watia nia wenyewe, walioshinda na walioshindwa, wakainuliana mikono juu na kupigwa picha. Tawini hawafiki. Wanaosimama ni wapambe wao.

"Kule wanashikana mikono wagombea, halafu kila mtu anapanda gari lake," alisema. "Huku wanashikana watu wanaochota maji kisima kimoja, mwanangu."

Mwaka 2010 mgeni wa wilaya aliwataka wenye makundi wasimame mbele. Hakusimama mtu. Kusimama ni kukiri, na katika chama kile kundi ni kama dhambi ya siri, kila mmoja anayo ya jirani yake. Mgeni akarudia ombi. Mtu mmoja akakohoa. Mwenyekiti akatazama dari, na dari lenyewe halikuwapo, ni bati tupu. Ndipo katibu, ambaye hakuwa na mamlaka yoyote ya kuamua jambo lile, akafungua orodha ya mahudhurio na kuanza kuita majina kuanzia la kwanza. Aliyeitwa alikuja mbele, akasimama. Wa pili akaja, akampa mkono wa kwanza, akasimama pembeni yake. Wa tatu akawapa mkono hao wawili. Hivyo hivyo hadi mstari ukazunguka chumba na kutoka mlangoni, na mwisho wake kila mwanachama alikuwa amemshika mkono kila mwanachama, bila hata mmoja kutajwa kuwa ana kundi.

Anajivunia uvumbuzi ule, ingawa hasemi hivyo. Anasema ulisaidia kuokoa muda. Tangu hapo ndiyo desturi ya tawi lake. Na kwa kuwa yeye ndiye anayeita majina, yeye ndiye pekee anayetazama mikono yote. Amejifunza kusoma. Kuna mkono unaotolewa huku macho yakiwa kwenye paa la jirani. Kuna unaokaa muda mrefu mno, na huo, anasema, ndio wa kuogopa. Kuna wanaosalimiana kwa furaha ya kweli kwa sababu walikuwa kundi moja tangu mwanzo. Na kuna wale ambao hawakuja.

Hao ndio wanaomshughulisha zaidi. Kwenye kumbukumbu wana alama yao, "ud.", yaani udhuru. Msiba, mgonjwa, mnada, ng'ombe amepotea. Katika vikao vya kawaida udhuru ni udhuru. Katika kikao cha kuvunja makundi, mwenye udhuru ndiye mwenye kundi. Nilifunua ukurasa wa mwaka 2015 na kukuta "ud." zimeteremka pembeni mwa karatasi toka juu hadi chini. Nikamuuliza kama mwezi ule kulikuwa na misiba mingi. Akacheka hadi akashika meza.

Ule ulikuwa mwaka wa Lowassa, na msomaji anaikumbuka habari yenyewe: jina lake lilikatwa Dodoma Julai kwenye mchujo wa mgombea urais wa CCM, mwenyewe akahamia CHADEMA mwezi huohuo, kisha akarudi CCM Machi 2019. Singida ilikuwa na machungu yake ya ziada. Wana wake wawili, Lazaro Nyalandu na Mwigulu Nchemba, walikuwa miongoni mwa waliozunguka nchi wakitafuta wadhamini 450 katika mikoa 15 ili wateuliwe kuwania urais, na wote wawili hawakufika tano bora. Mwigulu alikuwa amekaa hadi karibuni katika kiti cha Naibu Katibu Mkuu wa chama upande wa Bara. Halafu Agosti, Mgana Msindai, mwenyekiti wa CCM mkoa wa Singida na tena mwenyekiti wa wenyeviti wote wa mikoa, akatoka na kumfuata Lowassa. Katibu wa tawi huko kijijini alitakiwa kuandika kwamba makundi yamevunjwa wakati aliyepaswa kupokea taarifa hiyo mkoani amehama chama.

Aliandika hivyo hivyo. Fomu ya taarifa ina mahali pa kujaza.

Kwa nini basi jambo kubwa namna hii lipo kwenye "Mengineyo", nyuma ya ukarabati wa choo cha ofisi na michango ya sare? Jibu lake lilinishangaza kwa wepesi wake. Ajenda lazima ijadiliwe, na kwenye kumbukumbu uandike nani alisema nini. Mengineyo hutangazwa tu. Ukiyafanya makundi kuwa ajenda, utalazimika kuandika ni makundi gani, ya nani, na yalianzaje. Na karatasi hiyo itasomwa wilayani na mtu ambaye naye ana kundi.

Haikuwa hivi siku zote. Kuanzia uchaguzi wa Septemba 1965, TANU ilipokuwa chama pekee Bara, ugomvi wa ndani ya chama ndio uliokuwa uchaguzi wenyewe. Karibu kila jimbo lilikuwa na wagombea wawili wa chama kilekile, mmoja kwa alama ya jembe na mwingine kwa alama ya nyumba. Walizungushwa pamoja, wakahutubia jukwaa moja, na walikatazwa kuombea kura kabila au dini, hata kutumia lugha ya kikabila. Kwa Singida ya Wanyaturu, Wanyiramba na Wanyisanzu hilo halikuwa jambo dogo. Wananchi wote walipiga kura, wenye kadi na wasio nayo, na waliweza kumwangusha mkubwa: mwaka ule Paul Bomani, Waziri wa Fedha, alishindwa Mwanza. Sisemi zama za chama kimoja zilikuwa za neema, na majina hayo mawili yalichujwa juu kama yanavyochujwa leo. Lakini makundi yale mawili yalichapishwa kwenye karatasi ya kura, na hakuna aliyelazimika kuandikiwa udhuru.

Vyama vingi vilipokuja, ugomvi ule uliingia ndani na mlango ukafungwa. Mwaka 2010 na 2015 CCM iliufungua kidogo, wanachama wote wakapiga kura za maoni matawini. Katibu anaikumbuka miaka hiyo kwa kadi: watu ambao hawakuwa wamelipa ada kwa miaka walilipiwa na wasamaria wasiojulikana, na yeye akakesha akiandika stakabadhi. Mwaka 2020 kura zikarudishwa kwa wajumbe wa mikutano mikuu, zikahesabiwa hadharani, na nchi nzima ikajifunza kusema wajumbe si watu wazuri.

Msemo huo unamkera. Mtia nia, anasema, anagawa vitenge kwa watu ambao amewaona wakipokea vitenge vya wenzake watatu, halafu anashangaa kwamba hawakumpa kura zote. Mjumbe ana kura moja. Ubaya wake uko wapi? Nilimuuliza kama yeye aliwahi kupokea. "Hapo niandikie udhuru," akasema.

Kuna jambo ambalo hakulisema yeye, nimeliona mwenyewe baada ya kupanga majina ya watu wa mkoa huu. Msindai alikuwa mbunge wa Iramba Mashariki hadi 2010. Mwaka 2012 akawa mwenyekiti wa chama mkoa. Juma Kilimba alikuwa mbunge wa Iramba Magharibi kabla Mwigulu hajaingia mwaka 2010. Baadaye naye akawa mwenyekiti wa mkoa. Aliyefuata, Martha Mlata, aliwahi kuwa mbunge wa viti maalumu. Simtuhumu yeyote kati yao, na huenda uzoefu wa bungeni ndio uliowapa nafasi. Lakini kiti cha mwenyekiti wa mkoa ndicho kinachoongoza kikao cha kuwajadili watia nia kabla majina hayajapelekwa juu. Anayetoka ubungeni, akiwa bado na nguvu, anajua pa kwenda kuketi. Watu wake nao wanajua.

Nilipomsomea orodha hiyo alitikisa kichwa, kwamba nimeanza kuelewa ila bado natazama juu mno. Akanipa mfano wa nyumbani. Oktoba 30, 2017, Nyalandu, aliyekuwa mbunge wao tangu mwaka 2000 na waziri wa Maliasili na Utalii enzi za Kikwete, alijiuzulu ubunge, akaacha CCM na kuelekea CHADEMA. Januari 13, 2018 ukafanyika uchaguzi mdogo, CHADEMA ikasusia, Justin Monko wa CCM akachukua jimbo. Tawini kulitarajiwa kwamba kundi la Nyalandu limeondoka na mwenyewe. Halikuondoka. Wachache walirudisha kadi. Wengine walikaa palepale, mstari uleule wa mabenchi, wakamngoja mtu mwingine wa kumpa nguvu zao, wakampata. Aprili 30, 2021 Nyalandu alipojitokeza mbele ya mkutano mkuu maalumu Dodoma kutangaza kurudi CCM, kundi lake la zamani lilikuwa na mwenyewe mpya na halikuwa na haja naye.

"Mwenye kundi huhama. Kundi halihami," alisema, na hapo ndipo nilipoanza kuona ile sentensi ya daftarini kwa jicho jingine. Wanaoitwa mbele kushikana mikono wanaagizwa waache kumpenda mtu fulani, nao wanaweza, maana hawakumpenda sana. Kinachowagawa ni kingine. Ni nani ataarifiwa kwanza mbegu za ruzuku zikifika. Nani atapata kibarua cha barabara, kijana wa nani atakuwa karani kwenye kazi ya muda ya serikali. Ni kikundi gani cha akina mama fomu zake zitasukumwa kwenye ule mkopo wa asilimia 10 wa halmashauri, ambao ulisimamishwa mwaka 2023 na kurudishwa mwaka uliofuata. Kwenye kijiji ambacho mvua ikigoma mtama na alizeti navyo vinagoma, hayo si mambo madogo, na mtu wako akiwa ndani unakula, akiwa nje unasikia habari.

Mwaka jana uzito huo uliongezeka. Oktoba 29, 2025 CHADEMA haikuwa kwenye karatasi ya kura, na Tundu Lissu, mzaliwa wa Mahambe kule Ikungi, aliyekuwa ameinyang'anya CCM jimbo la Singida Mashariki mwaka 2010 na kulitetea 2015, alikuwa mahabusu kwa kesi ya uhaini. Tume ya uchaguzi ilimtangaza Rais Samia mshindi kwa asilimia 97.66. Katika hali hiyo, uchaguzi uliokuwa na ushindani mkoani Singida ulikwisha tangu Agosti, kwenye kura za maoni za chama na meza za wateuzi. Novemba, mbunge wa Iramba, Mwigulu, akawa Waziri Mkuu, na hapo wenye kukumbuka nani alikuwa upande wa nani mwaka 2015 waliongezeka ghafla. Baadhi yao, katibu anadai, kumbukumbu zao zinatofautiana na zilizomo kwenye kaunta buku lake.

Je, wanakuja kuyaomba yale madaftari? Alinyamaza, akayapanga upya. Nikauliza nani aliagiza neno "rasmi" liongezwe mwaka 2025. Akasema hakuna aliyeagiza, alichoka tu kuandika kitu kilekile.

Uchaguzi wa ndani wa chama ni mwaka 2027: mashina, matawi, kata, wilaya, mkoa. Yeye mwenyewe anafikiria kugombea uenyekiti wa tawi, na tayari kuna wanaomuunga mkono. Nilimuuliza kama hilo si kundi. Akasema ni watu wachache tu wanaomtakia mema, na stakabadhi ya mzani niliyokuwa naisubiri ameikumbuka, iko kwa mmoja wao.