Fahamu: Vifaa vinavyookoa njia ya hewa inapokataa

Dereva wa bodaboda akigongwa barabara ya Bunda na kuvunjika taya, jambo la kwanza ni hewa. Bila oksijeni, ubongo huanza kuharibika ndani ya dakika chache.

Kwa kawaida mtaalamu wa usingizi huingiza mpira kwenye bomba la hewa akitumia laringoskopu, kifaa chenye taa na bapa la chuma lililopinda, lililobuniwa na Robert Macintosh wa Oxford mwaka 1943. Damu au uvimbe vikimzuia kuona, huchukua buji: kijiti chembamba kinachonyumbulika, ncha imepinda kidogo. Kikipita penyewe, mkono husikia kikigusa pete za bomba la hewa, kisha mpira huteleza juu yake. Kifaa hiki rahisi hakipaswi kukosekana, iwe hospitali ya Kwangwa mjini Musoma au ya Butiama. Kikishindwa, kuna barakoa ya koo, iliyobuniwa na Archie Brain mwaka 1981. Mwisho kabisa ni kisu shingoni, kufungua njia ya hewa moja kwa moja.

Hospitali ya Bugando, Mwanza, iko zaidi ya kilomita 200 kutoka Musoma; asiyepumua hafiki. Nawe, ukiwahi kuambiwa mpira ulipita kwa shida, mweleze mtaalamu kabla ya upasuaji mwingine.