Tiketi mbili si safari moja: ndege ya pili ikituacha, tufanye nini?

Tunaandika haya kwa sababu kosa hili lilitupata sisi wenyewe, na hatupendi limpate mwingine.

Kanisa letu lilituma wajumbe wawili, mchungaji na mama mmoja wa umoja wa wanawake, kwenda mkutano Johannesburg. Pesa ya safari ilitoka kwa sadaka. Kuna waliotoa dola moja, kuna walioleta maharagwe yakauzwa. Sisi wa kamati tukatafuta bei ya chini. Tukanunua tiketi ya Kigali mpaka Nairobi kwa kompani moja, na ya Nairobi mpaka Johannesburg kwa kompani nyingine. Tulifurahi kwamba tumeokoa pesa.

Siku ya safari ndege ya kwanza ilichelewa, na ya pili ikaondoka bila wao. Wajumbe wetu walikaa Nairobi siku mbili wakingoja tuwatumie pesa ya tiketi mpya. Waliporudi, watu wengine kanisani walisema walizembea. Hawakuzembea. Kosa lilikuwa la sisi tulionunua bila kuelewa.

Mkataba mmoja au miwili?

Kupanda ndege za kompani mbili si tatizo lenyewe. Kompani nyingi zina mapatano, na unaweza kupata tiketi moja yenye ndege za kompani mbili. Hapo ndege ya kwanza ikichelewa ukakosa ya pili, ni kazi yao kukutafutia ndege nyingine mpaka mwisho wa safari, bila wewe kununua tiketi upya.

Lakini ukinunua tiketi mbili, una mikataba miwili. Kompani ya kwanza iliahidi kukufikisha Nairobi tu, na imekufikisha, hata kama ni kwa kuchelewa. Kompani ya pili haijui ulitoka wapi. Inaona tu kwamba abiria hakufika. Na mara nyingi abiria asipofika kwa safari ya kwenda, hata ya kurudi iliyo kwenye tiketi ile inafutwa. Ndivyo ilivyotupata.

Namna ya kutambua ni kutazama namba ya tiketi, ile yenye tarakimu 13. Kwa safari ya kawaida, ikiwa ni namba moja toka mwanzo mpaka mwisho, ni tiketi moja. Zikiwa mbili tofauti, uliza vizuri kabla ya kulipa. Kununua zote kwa ajansi mmoja, siku moja, hakuzifanyi kuwa tiketi moja.

Mambo mawili yanayokula muda

La kwanza ni saa. Goma, Bukavu na Kigali tuna saa moja. Nairobi, Entebbe na Addis Ababa wametutangulia kwa saa moja. Ndege ikitoka Kigali saa 10:40 na kuruka saa moja na nusu, inafika Nairobi saa 13:10 ya kule, si 12:10. Ndege yetu ya pili ilikuwa ya saa 15:10. Sisi tulihesabu nafasi ya saa tatu, kumbe zilikuwa mbili. Ndege ya kwanza ilipochelewa kwa saa moja, ikabaki saa moja tu. Na kompani nyingi hufunga mapokezi ya abiria wa safari za nje saa moja kabla ya ndege kuondoka.

La pili ni mizigo. Kwa tiketi mbili, mara nyingi valizi haiendi yenyewe mpaka mwisho. Tazama karatasi wanayoifunga kwenye valizi. Ikiandikwa NBO, valizi inashukia Nairobi. Ikiandikwa JNB, inafika Johannesburg. Ikishukia njiani, utapaswa kupita kwa wahamiaji, kuichukua, na kuipeleka tena kwa kompani ya pili. Kwa hiyo uliza mapema kama pasipoti yako inaruhusiwa kuingia nchi hiyo, hata kwa masaa machache.

Ikikupata

Ukijua ndege ya kwanza inachelewa, pigia kompani ya pili simu kabla ndege yao haijaondoka, au mwombe mtu wa nyumbani apige. Kabla haijaondoka unaweza kupata nafasi ya kubadilisha kwa malipo. Ikishaondoka, inakuwa vigumu.

Ukifika, omba kompani ya kwanza ikupe karatasi inayoonyesha muda iliochelewa. Nenda nayo kwa meza ya kompani ya pili, uongee kwa upole. Hawalazimiki kukusaidia, lakini wengine husaidia. Uliza maswali mawili: nitalipa ngapi kupanda ndege inayofuata, na je, safari yangu ya kurudi bado ipo? Usinunue tiketi mpya kabla ya kujibiwa la pili. Tunza risiti zote. Kamati itazihitaji, na bima pia kama unayo.

Kabla ya kununua

Tangu ndege za abiria zisimame Goma mwezi wa Januari 2025, wengi wetu wa Goma na Bukavu tunapitia Kigali, na ndugu wa Bunia, Beni na Butembo wengi wanapitia Entebbe. Kabla ya ndege kuna barabara na mpaka, navyo vinaweza kuchelewesha. Kwa hiyo tumekubaliana hivi katika kamati yetu: tunaanza kwa kuuliza bei ya tiketi moja. Ikizidi nguvu yetu na tukalazimika kuchukua mbili, mjumbe analala usiku mmoja katikati, na ndege ya pili inakuwa ya kesho yake. Bei ya kulala na ya chakula tunaiweka kwenye hesabu toka mwanzo. Mara nyingi, tukishajumlisha, ile tiketi ya bei ya chini haionekani tena kuwa ya chini.

Na wale wajumbe wetu wawili, tuliwaomba msamaha mbele ya kanisa lote, kwa sababu mbele ya kanisa ndipo waliposemwa vibaya.