Bunduki Isiyolia

Juma lililopita mwanafunzi mmoja wa chuo chetu cha ualimu aliniuliza swali, nami sikuweza kumjibu kwa neno moja. Alisema, "Mwalimu, nimesikia ya kwamba iko bunduki isiyolia. Je, ni kweli? Na kama ni kweli, mbona wawindaji wa kwetu Ugogo hawaitumii?" Nalimwahidi kumjibu mahali ambapo wazee wake nao watasikia, maana jambo hili lawahusu wao kuliko sisi tulio chuoni.

Bunduki ya kuwindia isiyolia kabisa haipo. Kilichopo ni kifaa kiitwacho kiwambo cha sauti. Jina hili lanishangaza kidogo, kwa kuwa kiwambo cha ngoma ndicho kitoacho sauti, na hiki chaizuia. Lakini ndilo jina watu walilolizoea. Ni bomba fupi la chuma, lifungwalo kwenye ncha ya mtutu. Ndani yake mna vyumba vidogo vilivyotengwa kwa visahani vyenye tundu katikati, na risasi hupita katika matundu hayo pasipo kugusa kitu.

Kazi yake yafahamika upesi kwa mtu mwenye baiskeli. Mpira uliojazwa upepo mpaka ukawa mgumu, ukipasuka kwa ghafula, hulia kwa kishindo. Jaza mwingine, ufungue kidogo pale pa kutilia upepo: utasikia mfoko tu. Upepo ni ule ule, ila wa kwanza umetoka wote kwa mara moja, na wa pili umetoka polepole. Ndivyo ilivyo katika bunduki. Baruti ikiungua hugeuka hewa ya moto yenye nguvu nyingi, nayo hutoka nyuma ya risasi kwa ghafula. Kiwambo huipokea hewa ile, huizungusha chumba hata chumba, huipoza, kisha huiachilia ikiwa imekwisha kulegea.

Lakini uko mlio wa pili, ambao kiwambo hakiuwezi. Sauti husafiri angani mwendo wa mita 340 hivi kwa sekunde moja. Risasi ya bunduki kubwa ya kuwindia huenda mita 700, hata 900. Kitu kiendacho mbio kuliko sauti huipasua hewa, na mpasuko huo husikika mbali. Wachungaji wetu waujua bila kusoma kitabu: ncha ya mjeledi ikirushwa vizuri huenda mbio kuliko sauti, na kule kulia kwake ndiko huko. Basi mwenye kiwambo huficha mlio wa mtutu, asiweze kuficha mlio wa risasi iendayo. Faida yake kwa mwenye kujificha ni kwamba msikilizaji hajui risasi ilitoka upande gani.

Aliyekibuni ni Mmarekani, Hiram Percy Maxim, naye alipewa hati ya ubunifu wake mwaka 1909. Baba yake ni yule Maxim aliyeunda bombom mwaka 1884, silaha iliyowaua watu wengi katika vita vya Wazungu katika Afrika. Mzee yule aliishia kuwa kiziwi kwa kujaribu bunduki zake. Baba alifanya kelele, na mtoto akatafuta namna ya kuipunguza.

Sasa nitaje faida yake, maana si haki kukihukumu kitu kabla ya kukisikiliza. Wataalamu hupima ukubwa wa sauti kwa kipimo kiitwacho desibeli. Bunduki ya kuwindia, ikipimwa karibu na mtutu, hufika 160 na kupita. Mlio wa ghafula upitao 140 waweza kuliharibu sikio hata kwa mara moja, wala sikio lililokufa hivyo halina dawa. Kiwambo kizuri hupunguza 20 hata 30. Msidhani ni kidogo: kila zikipungua desibeli kumi, nguvu ya sauti hugawanywa kwa kumi, kwa hiyo zikipungua 30 hubaki sehemu moja katika elfu. Tena bunduki haimsukumi sana mpigaji begani, naye hulenga pasipo kufumba macho kwa hofu ya kishindo. Mwenye kulenga vizuri humwua mnyama mara moja, asimwache akatangatanga porini na jeraha.

Nayasema haya nikimkumbuka mjomba wangu, aliyelinda mashamba ya uwele upande wa Manyoni kwa gobore miaka mingi. Sikio lake la kushoto limekufa. Wengi hudhani lingekufa la kulia, kwa kuwa ndiko liliko bega la bunduki, sivyo. Mtu akilaza shavu la kulia kwenye tako la bunduki, sikio la kushoto ndilo lielekealo mtutu, na lile la kulia hukingwa na kichwa.

Kwa hiyo huko Norwei na Ufini kiwambo ni kitu cha kawaida kwa wawindaji. Huko watu huwinda karibu na nyumba za wengine, na jirani huchukizwa na makelele. Nami nasema, kama ningekaa huko, ningekinunua.

Lakini kwetu jirani ataka kusikia. Hapo ndipo penye tofauti yote. Tembo watokapo katika mapori ya Kizigo na Muhesi wakaingia katika mtama, askari wa wanyamapori hupiga risasi hewani, na mlio wenyewe ndio dawa. Bunduki iliyozibwa mdomo ingewafukuza nani? Tena mlio wa bunduki usiku ni habari. Mwenye kijiji hujiuliza: nani huyu, naye ana kibali? Askari wa kijiji husikia, hukadiria upande, na kukipambazuka hufuata nyayo. Pori letu ni kubwa, askari ni wachache, na masikio ya wanakijiji ni sehemu ya ulinzi. Katika hifadhi ya Kruger, Afrika ya Kusini, majangili wauao vifaru hufunga viwambo kwa sababu hiyo hiyo, ili walinzi wasisikie. Nasi hatuna haki ya kujiona salama: tembo wa Tanzania walikuwa zaidi ya 100,000 mwaka 2009, na walipohesabiwa mwaka 2014 walionekana kama 43,000 tu.

Sheria ya wanyamapori ya mwaka 2009 yakataza kuwinda kwa motokaa, kwa sumu, kwa mitego na kwa taa, isipokuwa kwa kibali cha maandishi cha Mkurugenzi wa Wanyamapori. Na kifaa cha kupunguza mlio wa bunduki kimo katika orodha hiyo hiyo. Naona wametunga vema.

Na mwenye gobore asihangaike hata kidogo. Silaha hiyo hushindiliwa baruti na risasi kwa mdomo wa mtutu. Kiwambo kikifungwa hapo, kila mara sharti kifunguliwe kabla ya kushindilia, na masizi ya baruti nyeusi yangekijaza upesi. Wala mtu asimwendee fundi wa mtaani amchongee kifaa cha namna hiyo. Tundu likipinda unywele mmoja, risasi hupiga ukuta wa bomba, na vipande vya chuma humrudia mpigaji au aliye karibu naye. Kisha polisi nao wana maswali yao.

Masikio je? Yako njia mbili zisizomficha mtu kwa jirani yake. Ya kwanza ni vizibo vya masikio, ya pili ni vifuniko vivaliwavyo kichwani kama wavaavyo mafundi wa mashine. Navyo hupunguza desibeli 20 au 30, sawa na kiwambo, kwa gharama ndogo. Pamba tupu haitoshi, ingawa wengi huitumaini. Mjomba wangu aliitumia miaka yote. Siku hizi ukimwendea barazani kumwamkia "Mbukwa", sharti ukae mkono wake wa kulia. Ukikaa kushoto atadhani humjali.