'Baba, leo unaumwa?'

Mwezi uliopita jamaa yangu mmoja wa Tabata alinijia uso umemshuka. Nikadhani kaachishwa kazi. Wapi! Kumbe Jumamosi jioni mwanawe wa miaka sita alimkuta yumo ndani, hana viatu miguuni, akamwuliza: "Baba, leo unaumwa?"

Mtoto hana kosa. Jumamosi zote mzee yuko baa na washikaji, wanaangalia mpira wa Ulaya. Mama naye ana tamthilia yake. Watoto wanapewa simu ili wanyamaze. Wanaangalia nini humo? Hakuna anayejua. Nyumba moja, lakini kila mtu na kioo chake.

Nikamwambia: "Sikiliza bwana, Jumamosi moja tu, geuza sebule yako iwe Drive-In." Akacheka sana. Lakini alifanya, na mimi nilialikwa. Haya, chukua kalamu.

MAGARI YA MABOKSI

Wazee wa Dar hawajaisahau Drive-In ya Msasani, iliyofunguliwa mwaka 1966. Familia nzima ilijaa ndani ya gari, chakula kimefungwa toka nyumbani, sinema inaangaliwa nje usiku. Siku hizi kiwanja kile ndipo ulipo Ubalozi wa Marekani. Lakini raha ile haidai kiwanja, inadai maboksi.

Asubuhi pitia kwa Mangi, omba maboksi makubwa matupu. Kila mtoto atengeneze gari lake akae ndani: sahani za karatasi ndiyo matairi, vizibo vya soda ndiyo taa. Namba ianze na T kama kawaida, kisha jina lake. Usimtengenezee! Likipinda, limepinda, ni lake. Kazi hiyo peke yake inamaliza mchana bila mtu kuulizia simu.

Kiingilio si pesa. Ni kuoga na kumaliza kazi za shule. Mkubwa wao akate tiketi kwenye daftari la zamani, asimame mlangoni. Hata baba akija bila tiketi, arudi akaoge!

BISI NA UKWAJU

Mahindi ya ugali hayakufai hapa, ulizia ya bisi. Tia vijiko viwili vya mafuta kwenye sufuria kubwa yenye mfuniko, weka punje mbili tatu za kupima moto. Zikipasuka, mimina nusu kikombe cha chai, funika, tikisa. Mlio ukianza kukatika, epua. Chumvi kidogo, basi.

Ila sikia: mtoto wa chini ya miaka 4 usimpe bisi wala karanga, zinaweza kumpalia. Huyo mkatie ndizi mbivu. Juisi ya ukwaju wanywe wote.

FILAMU GANI?

Jamaa alichagua The Lion King, ile ya katuni ya mwaka 1994. Ni kama dakika 88 tu. Ukianza saa 12 na nusu jioni, saa 2 watu wanapiga mswaki. Watoto wetu huizoea haraka maana majina ni ya kwetu: Simba, Rafiki na yule ngiri Pumbaa, ambaye kweli kapumbaa! Kama kuna wasioelewa Kiingereza, mtu mzima mmoja ajifanye Lufufu, yule mtafsiri aliyevuma kwenye mabanda ya video. Simamisha, wasimulie, tia na chumvi yako.

Mambo mawili usisahau. Kwanza, angalia LUKU mapema, yuniti zisije zikaisha Simba akiwa njiani. Pili, filamu yoyote itazame mwenyewe kwanza. Katika hii, Mufasa, baba yake Simba, anakufa, na watoto wadogo inawauma.

PALIPOFIKA HAPO

Sebule nzima ilikuwa kimya. Yule wa miaka sita akatoka kwenye gari lake polepole, akapanda mapajani kwa baba. Mara simu ya jamaa ikaita. Washikaji wa baa hao! Aliitazama, akaizima.

"Baba," mtoto akauliza, "na wewe utakufa?"

Jamaa akabaki na bisi mdomoni. Akasimamisha filamu, wakaanza kuongea. Waliyoongea ni yao. Mimi nilijitia naenda kuongeza ukwaju. Filamu ilichelewa kuisha nusu saa nzima, na hakuna aliyelalamika.

Sasa nawe mwenzangu jiulize. Filamu ni kisingizio tu, na maboksi kesho yake ni takataka. Lakini siku ile jamaa angekuwa baa, swali lile mtoto angemwuliza nani? Simu?

Si lazima iwe kila wiki. Mara moja kwa mwezi inatosha, na safari ijayo mwachie mtoto achague yeye. Mpira utaambiwa matokeo.

Alamsiki!