Lugha ya Uthibitisho: Funzo kutoka kwa Wasomaji Vijana wa Hisabati wa Hungaria

Aghalabu hudhaniwa kwamba hisabati haihitaji lugha, kwa kuwa tarakimu na alama zake husomwa namna moja kila mahali. Dhana hii imewafanya hata wanaisimu waiachie hisabati wengine. Makala haya yanakusudia kuonyesha, kwa mfano wa Hungaria, kwamba kijana huimiliki hisabati pale anapoweza kuisoma na kuieleza kwa lugha anayoimudu.

Mwaka 1894, katika mji wa Győr, mwalimu Dániel Arany alianzisha jarida la hisabati kwa wanafunzi wa sekondari, ambalo kwa kifupi huitwa KöMaL. Liliandikwa kwa Kihungaria, lugha iliyofanywa rasmi mwaka 1844 tu, baada ya Kilatini kutawala shughuli za dola kwa karne nyingi. Utaratibu wake ulikuwa mwepesi: jarida lilitoa maswali, wasomaji wakapeleka majibu kwa posta, na majibu bora yakachapishwa pamoja na majina ya waliyoyatunga. Hivyo msomaji akageuka kuwa mwandishi. Haikumtosha kupata jibu. Ilimbidi aipange hoja yake ili kijana wa mji mwingine, asiyemjua, aweze kuifuata hatua kwa hatua. Vita vya 1914 vililisimamisha jarida hilo. Lilifufuliwa mwaka 1925, likakatizwa tena na nyakati za vita, na tangu 1947 limeendelea hadi leo.

Mwanzoni mwa miaka ya 1930, vijana waliolelewa na desturi hiyo, miongoni mwao Paul Erdős, Pál Turán, Tibor Gallai, George Szekeres na Esther Klein, walikuwa wakikutana katika bustani ya jiji la Budapest, karibu na sanamu ya Anonymus. Wengi wao walikuwa Wayahudi, ambao sheria ya 1920 ilikuwa imewawekea kikomo cha kuingia vyuoni. Hapo ndipo Klein alipowaeleza wenzake jambo hili: ukiweka nukta tano, bila tatu kati yake kukaa katika mstari mmoja, daima utapata nne zinazounda umbo la pande nne lisilobonyea ndani.

Uthibitisho wake unaelezeka hivi. Chukua vigingi vitano, uvizungushie kamba kwa nje na kuikaza. Ikiwa kamba imegusa vigingi vinne au vitano, umbo limekwisha kupatikana. Ikiwa imegusa vitatu tu, viwili vimebaki ndani ya pembetatu. Piga mstari upitao katika hivyo viwili: utaviacha vigingi viwili vya pembeni upande mmoja, na cha tatu upande wa pili. Viwili vya ndani pamoja na viwili vilivyo upande mmoja ndivyo vinavyounda umbo linalotakiwa. Erdős na Szekeres walilipanua swali hilo katika makala ya mwaka 1935. Na kwa kuwa Szekeres na Klein walioana mwaka 1937, Erdős aliliita tatizo lenye mwisho mwema.

Msomaji ataona kwamba hoja hiyo imekamilika kwa maneno ya kawaida ya Kiswahili. Istilahi nazo hazikosekani. Namba isiyogawanyika ila kwa moja na kwa yenyewe huitwa tasa, na sitiari hiyo ni ufafanuzi tosha. Shufwa na witiri zimetoka katika Kiarabu, na Mwislamu anayeijua sala ya witiri tayari anajua kwamba idadi ya rakaa zake haigawanyiki kwa mbili.

Upungufu basi si wa msamiati bali wa matumizi. Nchini Tanzania, Kiswahili kimekuwa lugha ya kufundishia katika shule za msingi za umma tangu 1967, lakini mwanafunzi aingiapo sekondari huziacha istilahi hizo mlangoni. Nchini Kenya, hisabati hufundishwa kwa Kiingereza. Kamusi ya istilahi haiwezi peke yake kuziba pengo hilo, kwani neno lisilotumika katika hoja hubaki orodhani.

Chama cha vijana wasomao vitabu vya hisabati, wakaandika na kusahihishiana uthibitisho kwa Kiswahili, kingeweza kulifanya lile ambalo mtaala haujalifanya. Gharama yake ni ndogo: kitabu, daftari na mlezi. Idara za lugha hazina budi kushiriki, kwa maana kuamua kama sentensi moja inafuata kihalali kutoka kwa nyingine ni kazi ya mwanahisabati na ya mwanaisimu pia.