Andikisha, jiandikisha na sajili

Kitenzi andikisha hutokana na *andika* kwa kuongezwa kiambishi cha usababishi *-ish-*. Maana yake ni kufanya jina la mtu liingizwe katika orodha au daftari: *Katibu ameandikisha wanachama arobaini, Mzazi amemwandikisha mwanawe shule.* Nomino zake ni *uandikishaji* na *mwandikishaji*.

Kiambishi kirejeshi *-ji-* hudhihirisha hiari. *Wakulima walijiandikisha katika ushirika*: walikwenda wenyewe. *Wakulima waliandikishwa katika ushirika*: majina yao yaliingizwa na mtu mwingine, na sentensi haisemi iwapo waliridhia. Tofauti hii si ndogo. Uanachama wa ushirika, kwa kanuni yake ya kwanza, ni wa hiari. Kwa hiyo mfasiri wa muhtasari wa mkutano au wa ushahidi mahakamani akiibadili kauli moja kuwa nyingine, aweza kuifuta ridhaa iliyotolewa au kuibuni isiyokuwapo.

Sajili, neno lenye asili ya Kiarabu, hukaribiana na *andikisha*, na mara nyingi hutumiwa mahali pake. Hata hivyo, huelemea zaidi utambuzi wa kisheria: husajiliwa kampuni, ardhi, vizazi na vifo. Nchini Tanzania mgawanyo huo huonekana wazi: Msajili wa Vyama vya Siasa husajili chama, chama huandikisha wanachama, naye mwananchi hujiandikisha katika Daftari la Kudumu la Wapiga Kura.