Mlezi Mwenye Ulemavu Naye Anahitaji Kutunzwa

Kwa miaka mingi, katika kivuko cha Petite Barrière kilicho kati ya Gisenyi na Goma, wamekuwa wakionekana watu wenye ulemavu wa miguu wakivusha magunia ya bidhaa kwa baiskeli za matairi matatu zinazoendeshwa kwa mikono. Mpita njia huwatazama akawaonea huruma, kisha akaendelea na safari yake. Ni nadra kuuliza mizigo ile inamlisha nani. Lau angeuliza, angeambiwa kwamba nyuma ya baiskeli ile wapo watoto wanaosubiri karo na wazee wasioweza tena kutoka nje. Mpaka ulipofungwa mwezi Machi 2020 kwa sababu ya ugonjwa wa UVIKO-19, aliyekosa riziki hakuwa mwendesha baiskeli peke yake. Ilikosa nyumba nzima.

Kwa muda mrefu, lugha ya ofisi na ya magazeti katika Afrika ya Mashariki iliwaita watu hao "wasiojiweza". Neno hilo lilikuwa na kosa ndani yake. Mtu asiyejiweza hafikiriwi kuwa anaweza kumtunza mwingine. Kazi yake ni kupokea tu. Siku hizi neno hilo linaachwa, lakini fikra iliyolizaa bado ipo. Watu wamegawanywa mafungu mawili, wanaotunza na wanaotunzwa, na yule aliye katika mafungu yote mawili husahauliwa na pande zote mbili.

Watu wa namna hiyo si wachache. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba mtu mmoja katika kila sita duniani ana ulemavu mkubwa. Nchini Rwanda, mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi ya mwaka 1994 yaliwaachia wengi majeraha ya kudumu, na wakati huohuo yakawaacha watoto wengi bila wazazi. Wapo walionusurika ambao, pamoja na majeraha yao, waliwapokea yatima wakawalea. Aidha, tangu mwaka 2013 serikali imekuwa ikiwatoa watoto katika vituo vya yatima na kuwarudisha katika familia, kwa mpango uitwao Tubarerere mu Muryango, yaani tuwalee katika familia. Uamuzi huo ni wa busara, kwa maana mtoto hukua vema nyumbani kuliko katika bweni. Lakini hapana budi kukumbuka kwamba kila ulezi unaorudishwa nyumbani huongeza kazi ya mtu fulani aliyemo humo, na pengine mtu huyo ni bibi ambaye macho yake yamekwisha kufifia.

Na uchukuliwe mfano wa mama anayetumia kiti cha magurudumu, mwenye mtoto asiyeweza kusimama. Mabega ya mama huyo yamekwisha kupewa kazi ya miguu, tena katika mitaa ya Rubavu yenye mawe ya volkano. Sasa mabega yaleyale yanatakiwa kumwinua mtoto kitandani, kumwogesha na kumgeuza usiku. Mtoto huongezeka uzito kila mwaka, na nguvu za mama hupungua. Siku mabega yakishindwa, nyumba itakuwa na wagonjwa wawili na haitakuwa na mlezi hata mmoja. Au na uchukuliwe mfano wa mama kiziwi anayempeleka mtoto mwenye homa katika kituo cha afya kisicho na mtu ajuaye lugha ya alama. Hulazimika kumchukua mtoto wake mkubwa awe mkalimani, na mtoto huyo hukosa masomo siku hiyo. Gharama ya ulezi usiosaidiwa, basi, haiishii kwa mlezi. Huhamia kwa watoto.

Sheria za kimataifa zimekwisha kuliona jambo hili. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu, ambao Rwanda iliuridhia mwezi Desemba 2008, unazitaka serikali katika ibara ya 23 ziwape watu wenye ulemavu msaada unaofaa ili watimize wajibu wao wa kulea watoto. Ibara hiyohiyo inakataza mtoto kutenganishwa na wazazi wake kwa sababu ya ulemavu wake au wa wazazi. Ibara ya 28 nayo inataja, kwa familia maskini, mafunzo, ushauri, fedha na nafasi ya mlezi kupumzika. Mkataba, kwa hiyo, haumwoni mtu mwenye ulemavu kuwa mpokeaji tu. Unamtambua kuwa ni mzazi na mkuu wa nyumba.

Ugumu huanza katika utekelezaji. Mpango wa VUP, ulioanzishwa nchini Rwanda mwaka 2008, ulizigawa kaya maskini katika makundi: kaya isiyo na mtu awezaye kufanya kazi ipewe fedha moja kwa moja, na kaya yenye mtu kama huyo ipewe kazi za ujira. Baadaye ziliongezwa kazi nyepesi, za saa chache na karibu na nyumbani, kwa kaya zenye mzigo wa ulezi. Hiyo ilikuwa hatua njema. Hata hivyo, mlezi mwenye ulemavu haingii kwa urahisi katika swali la "anaweza au hawezi". Anaweza, kwa kuwa kila siku anafanya kazi ya ulezi. Na hawezi, kwa kuwa kazi hiyo imekwisha kuzimaliza nguvu zake. Swali lililo bora ni hili: mtu huyu anamtunza nani, na yeye mwenyewe anatunzwa na nani?

Mjini Gisenyi kwenyewe upo mfano wa kutia moyo. Mwaka 2005 Frederick Ndabaramiye, aliyekatwa mikono yote miwili na waasi baada ya kukataa kuua, alishirikiana na Zacharie Dusingizimana kuanzisha kituo cha Ubumwe, maana yake umoja. Humo watoto wenye ulemavu husoma pamoja na wenzao, na watu wazima hufundishwa kazi za mikono. Faida ya shule ya namna hiyo haimfikii mtoto peke yake. Saa ambazo mtoto yumo darasani ni saa ambazo mlezi wake anaweza kulala, kwenda kliniki au kutafuta riziki.

Yanayotakiwa si mambo ya ajabu. Mshauri wa afya wa kijiji anapomtembelea mgonjwa, na amwulize pia anayemtunza kama anapata usingizi na kama mgongo unamwuma. Vyombo vya kumsaidia mlezi, kama magongo na viti vya magurudumu, vihesabiwe kuwa ni msaada kwa nyumba yote. Majirani wapange zamu ya kumpumzisha walau mara moja kwa juma. Na mipango hiyo isipangwe bila wenyewe kuulizwa, kwa maana wahenga walisema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi.

Wanyarwanda wana jina moja, ingobyi, kwa ngozi ya kumbebea mtoto mgongoni na kwa machela ya kumpelekea mgonjwa hospitali. Machela hiyo haikubebwa na mtu mmoja tangu mlimani hadi bondeni. Wanaume wa kijiji walipokezana, na aliyechoka hakuchekwa wala hakuulizwa kwa nini amechoka. Mwingine aliingiza bega lake. Kwa mlezi mwenye ulemavu, kinachohitajika leo ni bega hilo la pili.